Jinsi ya kusoma msimamo wa Ligi Kuu ya Uingereza kwa daftari na kalamu, Agosti hadi Mei

Msimamo wa ligi unaeleza yaliyokwisha kutokea: mechi zilizochezwa, magoli yaliyofungwa, pointi zilizokusanywa. Ubishi wa vijiweni na kwenye vibanda umiza hauko huko. Uko kwenye kilichobaki: nani bado anaweza kuchukua ubingwa, nani hana tena pa kuponea, nafasi ya saba inakwenda kwenye mashindano ya Ulaya au haiendi. Maswali hayo yote yana majibu kabla mchambuzi hajafungua mdomo, kwa mtu mwenye ratiba, daftari, na anayejua kuzidisha kwa tatu. Mwongozo huu unafuata msimu wa Uingereza tangu ratiba inapotoka mpaka nafasi ya mwisho ya Ulaya inapogawiwa. Mifano mingi ni ya msimu wa 2024-25, kwa sababu karibu kila kanuni ngumu ilijitokeza mwaka huo.

Kabla mpira haujaanza

Ligi ina timu 20. Kila moja inakutana na nyingine nyumbani na ugenini, kwa hiyo kila timu inacheza mechi 38, yaani 19 kwake na 19 kwa wenzake, na ligi nzima ina mechi 380. Ushindi ni pointi 3, sare ni 1. Uingereza ilianza kutoa pointi 3 kwa ushindi mwaka 1981. Kabla ya hapo zilikuwa 2, hivyo usilinganishe pointi za bingwa wa miaka ya 1970 na za bingwa wa leo bila kupiga hesabu upya. Timu tatu za mwisho zinashuka daraja. Kutoka Championship, ligi ya daraja la pili, zinapanda tatu: mbili za juu moja kwa moja, na ya tatu kwa mchujo unaoishia Wembley.

Ratiba hutoka mwezi Juni, na hapo ndipo wengi wanapokosea kwa mara ya kwanza. Ratiba ya Juni huweka karibu kila mechi ya wikiendi Jumamosi saa 15:00 ya Uingereza. Huo ni mwanzo tu. Baadaye kampuni za televisheni huchagua mechi zinazozitaka na kuzihamishia Ijumaa, Jumapili au Jumatatu, na uteuzi huo hutangazwa kwa awamu, wiki kadhaa kabla ya mechi zenyewe. Timu inayocheza Alhamisi kwenye Europa League, shindano la pili la klabu za Ulaya, nayo husogezwa, kwa kawaida hadi Jumapili. Kwa hiyo mwezi Juni andika namba ya raundi, mpinzani, na herufi N kwa nyumbani au U kwa ugenini. Siku na saa viandike kwa penseli.

Saa zenyewe zina mtego wake. Afrika Mashariki hatubadilishi saa, Waingereza wanabadilisha mara mbili kwa mwaka: Jumapili ya mwisho ya Oktoba wanarudisha nyuma, Jumapili ya mwisho ya Machi wanasogeza mbele. Njia fupi ya kupata saa yetu ya Kiswahili ni hii. Chukua saa ya Uingereza kwa mtindo wa saa 24. Kati ya Agosti na mwisho wa Oktoba, na tena kuanzia mwisho wa Machi hadi Mei, toa 4. Kati ya mwisho wa Oktoba na mwisho wa Machi, toa 3. Jibu likifika 13 au kuzidi, toa 12.

Mechi ya 15:00 mwezi Septemba: 15 toa 4, saa 11 jioni. Mechi hiyohiyo mwezi Desemba: 15 toa 3, saa 12 jioni. Mechi ya mapema ya Jumamosi, 12:30, ni saa 8:30 mchana au saa 9:30 alasiri. Ya 17:30 ni saa 1:30 au 2:30 usiku. Ya Jumapili 16:30 ni saa 12:30 jioni au saa 1:30 usiku. Ya Jumatatu 20:00 ni saa 4 usiku, na kwenye baridi ni saa 5 usiku. Zingatia kwamba mabadiliko yanaanza Jumapili yenyewe: Jumamosi unatoa 4, kesho yake unatoa 3. Hapo ndipo watu hukaa mbele ya runinga saa nzima wakisubiri. Hesabu hii ni ya Dar es Salaam, Nairobi na Kampala. Kigali, Bujumbura na Lubumbashi wako nyuma yetu kwa saa moja, Muscat mbele kwa saa moja.

Ukurasa wa msimamo

Programu nyingi za simu zinaonyesha msimamo kwa herufi za Kiingereza. P ni mechi zilizochezwa, W ushindi, D sare, L kupoteza, GF magoli ya kufunga, GA ya kufungwa, GD tofauti ya magoli, Pts pointi. Kwenye daftari huhitaji zote. Chora safu sita: timu, zilizochezwa, pointi, tofauti ya magoli, zilizobaki, upeo.

Zilizobaki ni 38 toa zilizochezwa. Upeo ni pointi za juu kabisa ambazo timu inaweza kumaliza nazo ikishinda kila kilichobaki: pointi ilizonazo, jumlisha zilizobaki mara 3. Timu yenye pointi 41 baada ya mechi 27 imebakiwa na 11, na upeo wake ni 41 + 33 = 74.

Jaza ukurasa huo raundi ikiisha yote, kwa kawaida Jumatatu usiku au Jumanne asubuhi. Ukijaza Jumamosi jioni utakuwa na timu zilizocheza na zisizocheza kwenye ukurasa mmoja, na safu ya upeo itakudanganya macho. Na uhakikishe unachonakili si msimamo wa mubashara. Programu nyingi huhesabu mechi inayoendelea kana kwamba imekwisha kwa matokeo ya dakika hiyo. Picha za misimamo ya namna hiyo ndizo zinazosambazwa kwenye makundi ya WhatsApp na kuzua ugomvi usio na sababu.

Mpaka raundi ya kumi hivi, usiuamini sana msimamo. Timu moja inaweza kuwa imekutana na timu nne za juu, nyingine na mbili zilizopanda daraja. Badala ya kutazama nafasi, pitia wapinzani mmoja mmoja na herufi zao za N na U.

Hesabu ya ubingwa na ya kushuka

Kanuni ya ubingwa ni moja: timu imeshakuwa bingwa pale pointi zake za mkononi zinapozidi upeo wa kila timu nyingine. Aprili 2025 Arsenal walitoka sare ya 2-2 na Crystal Palace, wakawa na pointi 67 kwa mechi 34. Zilibaki nne, upeo 79. Liverpool walikuwa na pointi 79 kwa mechi 33. Pointi moja tu ikawa inatosha. Tarehe 27 Aprili wakaifunga Tottenham 5-1, wakafika 82, ubingwa ukaisha mkononi kukiwa na mechi nne bado. Aliyekuwa na daftari alijua tangu usiku wa ile sare kwamba hata suluhu na Tottenham ingetosha.

Kushuka daraja ni hesabu hiyohiyo ikisomwa kutoka chini. Timu imeshuka pale upeo wake unapokuwa mdogo kuliko pointi za mkononi za timu ya 17. Tarehe 6 Aprili 2025 Southampton walifungwa 3-1 na Tottenham. Walikuwa na pointi 10, mechi 7 zimebaki, upeo 31. Wolves, timu ya 17, walikuwa na 32. Southampton wakawa wameshuka zikiwa bado mechi 7, mapema kuliko timu yoyote katika historia ya Ligi Kuu tangu ilipoanzishwa mwaka 1992.

Upande wa pili: timu imesalimika pale inapopata angalau timu tatu ambazo upeo wao uko chini ya pointi zake. Ni kanuni rahisi, lakini ina udhaifu unaofaa kueleweka vizuri, kwa sababu ndio unaotenganisha anayekisia na anayejua. Upeo unachukulia kwamba kila timu itashinda kila kitu. Timu mbili zikiwa zimebakiwa na mechi ya kukutana zenyewe, haziwezi zote kushinda.

Tazama mfano huu wa mechi mbili za mwisho. Timu A iko ya 16 na pointi 38. B ni ya 17 na pointi 34, upeo 40. C ni ya 18 na pointi 33, upeo 39. D ni ya 19 na pointi 28, upeo 34, na timu ya 20 imeshashuka. Ukitazama safu ya upeo peke yake utasema A bado yuko hatarini, maana B na C wote wanaweza kumpita akipoteza zote mbili zilizobaki. Sasa fungua ratiba: B na C wanakutana. B akishinda, C hawezi kuvuka 36. C akishinda, B hawezi kuvuka 37. Wakitoka sare, B anaweza kufika 38 na C 37. Hakuna njia ya wote wawili kumpita A. A ameshasalimika, na hakuna msimamo wowote wa kwenye simu utakaokuambia hivyo. Kila ifikapo Aprili, kwa hiyo, zungushia duara kila mechi iliyobaki kati ya timu zinazowania kitu kimoja, kisha uipitie mara tatu: huyu ashinde, yule ashinde, watoke sare.

Utasikia kwamba pointi 40 zinatosha kubaki. Usizifanye kanuni. West Ham walishuka mwaka 2003 wakiwa na 42. West Brom walibaki mwaka 2005 na 34, na Nottingham Forest walibaki mwaka 2024 na 32. Linganisha na upeo wa timu ya 18, si na namba ya mdomoni. Na usimzike mtu mapema. Leicester mwaka 2015 walikuwa na pointi 19 baada ya mechi 29. Wakashinda 7 kati ya 9 zilizobaki, wakamaliza na 41, nafasi ya 14.

Pointi zikilingana

Mashabiki wanaofuatilia ligi nyingi huchanganya kanuni hapa. Hispania hutazama kwanza timu hizo mbili zilipokutana zenyewe. Uingereza hapana. Mpangilio wake ni tofauti ya magoli, kisha wingi wa magoli ya kufunga. Zikilingana mpaka hapo, na jambo linalogombaniwa ni ubingwa, kushuka au nafasi ya Ulaya, ndipo zinatazamwa pointi za mechi walizokutana, kisha magoli ya ugenini katika mechi hizo, na mwisho kabisa mechi ya ziada uwanja usio wa yeyote.

Mwaka 2012 Manchester City na Manchester United walimaliza na pointi 89 kila mmoja. City tofauti ya 64, United 56. Mwaka 1989, zama za kabla ya Ligi Kuu ya sasa, Arsenal na Liverpool walilingana pointi 76 na tofauti ya magoli 37, ubingwa ukaenda Arsenal kwa magoli ya kufunga, 73 kwa 65. Msimu wa 2024-25 Newcastle na Aston Villa walilingana kwa 66. Newcastle walikuwa na tofauti ya 21, Villa 7, na pengo hilo ndilo lililogawa Ligi ya Mabingwa na Europa League.

Unapopiga hesabu ya tofauti ya magoli kumbuka mambo mawili. Kwanza, pengo hupungua kutoka pande zote: Villa walikuwa nyuma kwa 14, na Newcastle wakipoteza kwa 2 huku Villa wakishinda kwa 2, pengo linashuka kwa 4. Pili, timu hizo zikikutana zenyewe kila goli linahesabika mara mbili. Ushindi wa 3-0 dhidi ya mshindani unafunika pengo la 6. Kwenye magoli ya hasi watu huteleza: −25 ni bora kuliko −26.

Viporo

Timu hazilingani mechi karibu wakati wote kuanzia Januari. Sababu zake zinajulikana. Fainali ya Kombe la Carabao, yaani kombe la ligi, huchezwa wikiendi ya ligi, hivyo wapinzani wa wale wawili waliofika fainali nao hubaki na kiporo, yaani mechi iliyoahirishwa. Nusu fainali za Kombe la FA huweza kufanya vivyo hivyo. Kuna theluji, kuna upepo, kuna uhaba wa polisi. Tangu msimu wa 2024-25 mechi za marudiano za Kombe la FA zimefutwa kuanzia raundi ya kwanza, jambo lililopunguza viporo vya Januari na Februari.

Kosa kubwa ni kumpa mtu pointi za kiporo kabla hajakicheza. "Tukishinda viporo vyetu viwili tunaongoza" ni sentensi ya matumaini. Kwenye daftari iandike kwa safu mbili. Ya kwanza ni pointi za mkononi. Ya pili ni upeo, na upeo tayari unavihesabu viporo vyote, kwa hiyo huna haja ya kuongeza kitu. Halafu andika pembeni kiporo ni dhidi ya nani na wapi. Kiporo cha nyumbani na timu iliyokwisha kushuka si sawa na kiporo cha Anfield, kwa Liverpool, kilichopangwa Jumatano katikati ya mechi mbili za Ulaya.

Ukitaka kulinganisha kwa haki timu zisizolingana mechi, gawa pointi kwa mechi zilizochezwa. Njia hiyo imewahi kutoa ubingwa. Ligi kuu ya wanawake ya Uingereza ilipokatishwa na korona msimu wa 2019-20, Manchester City walikuwa kileleni na pointi 40 kwa mechi 16, Chelsea 39 kwa mechi 15. City wastani wa 2.5, Chelsea 2.6. Kombe likaenda Chelsea.

Ligi ya wanaume mwaka huo iliendelea. Ilisimama Machi 2020, ikarudi tarehe 17 Juni kwa viporo viwili kwanza, Aston Villa na Sheffield United, kisha Manchester City na Arsenal, ili timu zote zifike mechi 29. Kwenye hicho cha Villa, klabu aliyokuwa akiichezea Mbwana Samatta wakati huo, kipa wa Villa aliuingiza mpira ndani ya mstari, mtambo wa kutambua goli haukumpa mwamuzi ishara, mechi ikaisha 0-0. Mwisho wa msimu Villa walibaki na pointi 35. Bournemouth na Watford wakashuka na 34. Bila pointi ile moja Villa wangekuwa na 34 na tofauti ya magoli mbaya kuliko ya Bournemouth. Kiporo kinachoonekana cha kawaida mwezi Juni kiliamua daraja mwezi Julai.

Kuna pia kiporo kinachoweza kuadhibiwa. Desemba 1996 Middlesbrough hawakwenda kucheza Blackburn, wakieleza kwamba wachezaji 23 ni wagonjwa au majeruhi. Walikatwa pointi 3, mechi ikachezwa baadaye. Walimaliza na 39 na kushuka. Coventry, wa 17, walisalimika na 41.

Makato ya pointi

Klabu ikivunja kanuni za fedha, pointi hukatwa katikati ya msimu, na rufaa inaweza kuzirudisha baadhi. Msimu wa 2023-24 Everton walikatwa 10 mwezi Novemba, rufaa ikapunguza hadi 6 mwezi Februari, kisha wakakatwa 2 nyingine Aprili. Nottingham Forest walikatwa 4 mwezi Machi. Kwenye daftari usifute namba ya zamani. Andika pointi za uwanjani kwenye mstari mmoja na makato kwenye mstari wa chini, ili rufaa ikiamuliwa usianze kuhesabu upya kutoka Agosti. Upeo wa timu yenye rufaa inayosubiri uandike mara mbili, pamoja na makato na bila makato, mpaka hukumu itoke.

Kadi na majina

Hapa mambo ni machache. Mchezaji akifikisha kadi 5 za njano za ligi kabla ya mechi ya 19 ya timu yake kumalizika, anakosa mechi 1. Akifikisha 10 ndani ya mechi 32, anakosa 2. Akifikisha 15 msimu mzima, 3. Kwa hiyo mwenye kadi 4 timu inapokwenda mechi ya 19 akipita salama, kadi ya tano haimfungii tena; hesabu yake sasa ni ya kumi. Njano za Kombe la FA au Ulaya hazichanganywi na za ligi. Mchezaji wa mkopo haruhusiwi kuichezea timu yake mpya dhidi ya klabu inayommiliki kwenye ligi. Na msimu wenye AFCON ya Desemba na Januari, kama ile ya Morocco iliyoanza tarehe 21 Desemba 2025, andika mapema ni timu ipi inaondokewa na nani, maana kipindi hicho ndicho chenye mechi nyingi zilizobanana za Krismasi na mwaka mpya.

Nafasi za Ulaya

Hapa ndipo penye kazi, na hapa msimamo peke yake hautoshi kabisa. Anza na msingi. Nafasi ya 1 hadi ya 4 zinaingia Ligi ya Mabingwa. Inayofuata kwenye ligi inaingia Europa League, pamoja na bingwa wa Kombe la FA. Bingwa wa Kombe la Carabao anaingia mchujo wa Conference League, shindano la tatu la Ulaya.

Kisha uliza maswali manne, kwa mpangilio huu.

La kwanza: je, Uingereza imepata nafasi ya ziada ya Ligi ya Mabingwa? UEFA, shirikisho la mpira la Ulaya, huzipa nchi mbili ambazo klabu zao zimefanya vizuri zaidi Ulaya msimu huo. Kila ushindi na sare ya klabu huleta pointi, zipo na za nyongeza kwa hatua zilizofikiwa, jumla inagawiwa kwa idadi ya klabu za nchi hiyo zilizoanza. Msimu wa 2023-24 nafasi hizo zilikwenda Italia na Ujerumani, na timu ya 5 Uingereza ikaishia Europa League. Msimu wa 2024-25 zilikwenda Uingereza na Hispania. Ikipatikana, kila kitu kinasogea chini kwa nafasi moja: ya 5 Ligi ya Mabingwa, ya 6 Europa League.

La pili: bingwa wa Kombe la FA yuko wapi kwenye ligi? Akiwa tayari ana nafasi ya Ulaya iliyo sawa au bora, tiketi yake haipotei. Inashuka kwa timu ya juu kabisa kwenye ligi isiyo na nafasi.

La tatu: na bingwa wa Carabao? Kanuni ileile, kwa tiketi ya Conference League.

La nne: kuna klabu ya Uingereza iliyochukua kombe la Ulaya? Bingwa wa Europa League anaingia Ligi ya Mabingwa hata akimaliza ligi chini kiasi gani, na akiwa nje ya nafasi za ligi haondoi mtu.

Sasa pitisha msimu wa 2024-25 kwenye maswali hayo. Ziada ilipatikana, kwa hiyo Liverpool, Arsenal, Manchester City, Chelsea na Newcastle wakaingia Ligi ya Mabingwa. Villa, wa 6, Europa League. Kombe la FA lilichukuliwa na Crystal Palace tarehe 17 Mei kwa kuifunga City 1-0. Palace hawakuwa na nafasi ya ligi, wakaishika tiketi ya Europa League wenyewe. Carabao walichukua Newcastle tarehe 16 Machi. Kwa kuwa wameingia Ligi ya Mabingwa, tiketi yao ya Conference League ikashuka kwa Nottingham Forest, wa 7. Tottenham walimaliza wa 17, pointi 38, lakini tarehe 21 Mei wakaifunga Manchester United 1-0 fainali ya Europa League kule Bilbao. Klabu sita za Uingereza kwenye Ligi ya Mabingwa.

Geuza tokeo moja uone uzito wa swali la pili. City wangeshinda ile fainali ya Wembley, tiketi ya FA ingeshuka kwa Forest, na ile ya Conference League ingekwenda kwa Brighton, waliomaliza wa 8. Mashabiki wa Brighton walikuwa na kila sababu ya kuishangilia City siku hiyo.

Siku ya mwisho

Mechi zote kumi za raundi ya 38 huanza dakika moja, kwa kawaida Jumapili saa 16:00 ya Uingereza, yaani saa 12 jioni kwetu. Asubuhi yake andaa karatasi moja ndogo. Usiandike timu 20. Andika zile tu zenye kitu cha kugombania, na mbele ya kila moja andika inahitaji nini: "ushindi", "sare inatosha", "ishinde na fulani apoteze". Kwa zilizolingana pointi andika na pengo la magoli. Mechi inapoendelea, badilisha namba kwa kalamu kila goli linapoingia, na subiri ukaguzi wa video (VAR) uishe kabla ya kuandika. Mwaka 2012 ubingwa ulihama kutoka Manchester United kwenda City kwenye dakika za nyongeza, kwa goli la Sergio Agüero dhidi ya QPR. Nusu dakika kabla yake, karatasi ilikuwa bado inasema United.

Ukurasa wa Ulaya uache wazi hata baada ya filimbi hiyo. Fainali za Ulaya zinaweza kuwa hazijachezwa, na UEFA bado haijakagua klabu. Mwaka 2025 UEFA iliamua mwezi Julai kuishusha Crystal Palace kutoka Europa League hadi Conference League, kwa sababu ya kanuni inayokataza klabu mbili zenye mmiliki mmoja kucheza shindano moja, kwa kuwa mmoja wa wamiliki wake alikuwa pia na Lyon ya Ufaransa. Forest wakapanda Europa League. Rufaa ya Palace ilikataliwa tarehe 11 Agosti, siku chache kabla ya raundi ya kwanza ya msimu mpya.